Usimbebe, Inuka Naye

Mama alipopata kiharusi na kupooza upande wa kushoto, nilidhani kazi itakayotuchosha ni kumlisha na kumfulia. Kumbe kazi iliyotushinda ilikuwa ya hatua mbili tu: kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo, na kutoka kwenye kiti hadi chooni. Hatua mbili, mara nane au kumi kwa siku. Nyumbani kwetu Sumbawanga tulikuwa wanne wa kumsaidia, na kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Mdogo wangu wa kiume, aliyezoea kupakia magunia ya mahindi, alimtia mikono kwapani na kumnyanyua mzima mzima. Mimi nilimwambia anikumbatie shingoni, kisha najikaza kuinuka. Wiki ya tatu bega la mama la kushoto likawa linamuuma hapati usingizi, na mimi kiuno kikanikamata nikashindwa hata kuinamia ndoo ya maji. Tulipompeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada yule alipapasa bega kwa vidole viwili, pale juu palipokuwa pamebonyea, wala hakuuliza mama alianguka lini. Aliuliza, "Nani anamshika kwapani?"

Naandika kwa ajili ya kaya zilizo kama yetu ilivyokuwa siku zile, iwe Kizwite au Katandala, Laela, Matai au Namanyere, ambako mtu ameletewa kiti mwendo lakini hakuna aliyeleta maelezo ya namna ya kumtoa na kumweka.

Nianze na bega, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoharibu bila kujua. Nyonga imekaa ndani ya tundu refu la mfupa. Bega halina tundu la namna hiyo, linashikiliwa hasa na misuli na kano. Misuli ikipooza, mkono unaning'inia kwa uzito wake na mfupa unashuka kidogo kutoka mahali pake. Ukimnyanyua mtu huyo kwa kwapa, uzito wote wa mwili unaliangukia bega lisilo na mlinzi. Ukimvuta mkono ni vilevile. Maumivu yakishaanza yanaweza kukaa miezi mingi, na mwenye maumivu hukataa mazoezi, na asiyefanya mazoezi hukakamaa. Kwa hiyo kwapani hapashikwi, mkono uliopooza hauvutwi, na shingo yako haikumbatiwi. Akikuning'inia shingoni, kilo zake zote zinalemea uti wako wa mgongo, na siku mguu ukiteleza mnakwenda chini wote wawili.

Basi ushike wapi? Kabla sijajibu, fanya jaribio dogo hapo ulipo. Kaa kitini, mgongo wima, nyayo uzitangulize mbele, halafu jaribu kusimama bila kuinama. Hutaweza, hata uwe na nguvu za maksai. Sasa sogea ukingoni, rudisha miguu nyuma mpaka visigino viwe chini ya magoti, inamisha kifua mpaka pua ipite magoti. Makalio yananyanyuka yenyewe. Ndivyo binadamu anavyosimama: anakwenda mbele kwanza, ndipo anapanda juu. Sisi tulikuwa tukimvuta mama moja kwa moja juu huku kichwa chake kimeegemea nyuma, tukipambana na mwili wake badala ya kuufuata. Aliyepooza nusu bado ana nusu nyingine, na nusu hiyo inaijua kazi ikipewa nafasi. Tangu nilipolielewa hilo sikumbeba tena.

Lakini kabla ya mwili, kikague kiti. Breki ya viti vingi vilivyoko huku ni kipande cha chuma kinacholibana tairi. Tairi likipungua upepo, chuma kile hakina cha kubana; mkono wa breki umefungwa vizuri kwa macho, ila kiti kinatembea. Funga breki zote mbili, kisha kisukume kiti kwa goti. Kikisogea, mwite fundi baiskeli ajaze upepo au akaze breki, na siku hiyo mtu asihamishwe kabla mwingine hajakishikilia kiti kwa nyuma. Kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, hata breki nzima haitoshi. Kiegemeze kiti ukutani. Pa kuwekea miguu pinduliwe juu au paondolewe kabisa. Mtu akikanyaga pale anaposimama, kiti kinapinduka kwa mbele, na vyuma vile huchana ngozi ya muundi. Mtu asiyehisi miguu yake hatajua kwamba amechanika mpaka uone damu kwenye soksi.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo, na moja ya mambo makuu yaliyomo ni kwamba kiti lazima kimfae anayekikalia na mahali anapoishi. Vingi tunavyoletewa ni viti vya korido za hospitali: magurudumu madogo mbele, yanayozama kwenye tope letu la mwezi wa pili, na maegemeo ya mikono yasiyotoka. Egemeo lisilotoka linamlazimu mtu kuruka juu ya ukuta kila anapohama. Mpelekee fundi wa kuchomelea. Mwambie alikate egemeo tu, asiguse chuma kinachobeba kiti, halafu aliwekee bomba la kuchomeka na pini, liwe linang'oka na kurudi. Ufipa, huku kwetu, ilikuwa nchi ya wahunzi. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, malungu, ambayo mabaki yake yapo hadi leo. Bomba na pini havitatushinda.

Kitanda nacho kina lake. Sehemu ya kukalia ya kiti mwendo iko kama sentimita 50 kutoka sakafuni. Kitanda kikiwa chini sana, kila asubuhi mtu anapanda mlima. Kikiwa juu sana, nyayo hazifiki chini, na nyayo zisizofika chini hazisaidii kitu. Tuliinua chetu kwa matofali ya kuchoma, nusura kitanda kishuke siku ya kwanza, maana tofali tupu linatambaa. Seremala akaja akaongeza miguu. Godoro lililobonyea katikati likaondoka pia, kwa sababu mtu aliyezama ndani yake hana pa kujisukumia.

Na kuna baridi yetu. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mnazijua. Kwa wengi waliopata kiharusi au kuumia uti wa mgongo, baridi huifanya misuli ikaze. Mguu unaokunjika vizuri saa sita mchana unaweza kuwa kama mti saa kumi na mbili asubuhi, na ukilazimisha unakaza zaidi au unaruka wenyewe. Usimfunue mtu blanketi na kumwinua palepale. Mkunje na kumkunjua goti polepole akiwa bado amefunikwa, dakika chache tu, mpaka mguu ulegee. Akishakaa ukingoni mwa kitanda, asubiri tena kidogo. Aliyelala usiku kucha damu hukawia kupanda kichwani, naye anaweza kuzimia mikononi mwako. Mwangalie usoni, muulize kama anaona sawasawa. Na tukiwa bado kwenye baridi: jiko la mkaa halikai karibu na miguu isiyohisi. Anaweza kuungua mpaka kwenye nyama bila kusema "ah". Wala halilali chumbani usiku milango ikiwa imefungwa, kwa yeyote yule, mzima au mgonjwa, maana hewa yake inaua.

Sasa kazi yenyewe, kama tulivyofundishwa kwa mtu anayeweza kukanyaga japo kwa mguu mmoja.

Kiti kinawekwa upande wake wenye nguvu, kimekaa mshazari kidogo kuelekea kitandani, si sambamba nacho wala hakikielekei uso kwa uso. Mama ana nguvu kulia, kwa hiyo akiwa amekaa kitandani kiti kinakaa kuliani kwake. Wakati wa kurudi ndipo watu wanapokosea: wanakiacha kiti palepale, na sasa kitanda kiko kushotoni kwake, upande uliopooza. Inabidi kukigeuza, hata kama chumba ni kidogo na inabidi kusogeza sanduku.

Unasimama mbele yake, karibu kabisa, umeegemea kidogo upande uliopooza. Miguu yako imeachana, mmoja mbele na mwingine nyuma, na unakunja magoti, siyo mgongo. Goti lake bovu liko katikati ya magoti yako ili lisikunjike ghafla. Mkono wake uliopooza unalazwa mapajani, usiachwe ukining'inia. Yeye anasogea mpaka ukingoni, anarudisha nyayo nyuma, anaweka mkono mzima juu ya kitanda ajisukumie. Wewe unashika kiunoni.

Unashika nini kiunoni? Kitenge. Kikunje kwa urefu mpaka kiwe mkanda mpana kama kiganja, mfunge kwa fundo kavu juu ya nyonga, juu ya nguo, kisikae tumboni wala mbavuni. Kijaribu kwa kukivuta. Kikipanda kuelekea kifuani, kaza upya. Kitenge chakavu kisitumike, na kile kipya kinachong'aa nacho huteleza. Chetu ni cha zamani kidogo, kimefuliwa mara nyingi. Mikono yako inapita kila upande na kukishika kwa nyuma.

Kitenge hicho kimetuokoa kwa jambo jingine pia. Nimezungumza na mke wa mtu aliyeachiwa kumhudumia baba mkwe wake, na alikuwa akiona haya kumkumbatia mzee kiunoni; mzee naye akiona haya zaidi, mpaka akawa hanywi maji mchana ili asiombe kupelekwa chooni. Kushika nguo si kushika mwili. Baada ya kuanza kumfunga kitenge, mzee alirudi kunywa maji. Wahudumu wa afya wakija nyumbani wasilidharau hilo. Aibu nayo ni kizuizi, kama ngazi ilivyo.

Kisha hesabu. Kubalianeni mapema kama mnainuka kwenye "tatu" au baada ya "tatu", kwa sababu tumewahi kuinuka mimi kwenye tatu na mama baada yake, na tukarudi kitandani kwa kishindo. Sasa tunasema "moja, mbili, haya!" Kwenye "haya" yeye anakuja mbele, pua inapita magoti, wewe unahamisha uzito wako kwenye mguu wa nyuma, naye anapanda. Humvuti juu, unampokea anapokuja. Mkishasimama, pumzikeni kidogo. Halafu mnageuka kwa vihatua vidogo, nyayo zako zikigeuka pamoja na mwili, maana kiuno kinachozungushwa huku miguu imegandia ndicho kinachokamata. Anapohisi kiti nyuma ya miguu yake, anapeleka mkono mzima kushika egemeo, anainama tena, anashuka taratibu. Kushuka nako ni kwa pua mbele. Anayejitupa nyuma hukisukuma kiti na kukaa sakafuni.

Kama mtu ni mzito kuliko wewe, au miguu yake inalegea kabisa, usimsimamishe peke yako kwa kiburi cha mapenzi. Mama wengi wamevunjika migongo hivyo, na mtoto wa mtindio wa ubongo aliyebebwa mgongoni tangu akiwa kilo 9 hufika kilo 30 bila mtu kuiona siku yenyewe ilipofika. Badilisha njia kabla mgongo haujakubadilishia.

Njia hiyo nyingine ni ubao. Aliyeumia uti wa mgongo, kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka mtini, mara nyingi miguu imekufa ila mikono iko imara. Huyu hahitaji kusimamishwa. Seremala anatengeneza ubao wa mti mgumu usiopasuka, mninga ukipatikana, urefu kama sentimita 70, upana 20 au kupita kidogo, unene wa sentimita 2. Kingo zimechongwa zikawa duara, umepigwa msasa mpaka kiganja kikipita kisikwaruzwe. Egemeo la kiti linatolewa, ncha moja ya ubao inaingizwa chini ya paja, nyingine inalala kitandani, na mtu anajisogeza kwa vituo vifupi, akijinyanyua kwa mikono, kichwa kikielekea upande ule anaouacha. Vidole visishike ukingo wa ubao kwa chini, vinabanwa. Asikae utupu juu ya mbao, maana ngozi inanata na kuchubuka.

Ngozi ya makalio ndiyo inayoniogofya kuliko yote niliyoandika hapa. Mtu asiyehisi akiburuzwa mara moja tu anaweza kupata mchubuko, na kwa kuwa anakalia mchubuko huohuo kutwa, unageuka kidonda kinachokula mpaka mfupa. Kidonda cha namna hiyo kinaua. Kwa hiyo anainuliwa au anajiinua, haburuzwi. Kitini anakalia mto mnene. Kila baada ya nusu saa hivi anajinyanyua kwa mikono, au anainama mbele na kulala upande mmoja kisha mwingine, kwa dakika moja au mbili, na kila jioni mtu anamkagua kwa taa. Doa jekundu au jeusi lisilopotea maana yake ni kutokaa pale mpaka lipotee, na kufika kituo cha afya mapema.

Wengi waliopata polio utotoni wamekuwa wakijihamisha wenyewe maisha yao yote. Ukitaka kujua mikono inaweza nini, omba ruhusa umtazame mmoja wao akishuka kwenye baiskeli yake ya miguu mitatu na kuketi kwenye kigoda cha duka lake. Na usimkimbilie kumshika. Anayekijua kiti chake kwa miaka 30 anapangusa jasho kwa sababu ya wasaidizi wasioombwa. Neno la kwanza ni "Nikusaidieje?", halafu nyamaza usikie.

Choo. Shimo letu la kuchuchumaa halifai kwa mtu wa kiti mwendo, na kumning'iniza mtu juu ya shimo ni kumtesa. Seremala akate tundu kwenye kiti kizito cha mbao, kiwekwe juu ya shimo, kimo sawa na kiti mwendo, na bomba la kushikia lifungwe ukutani upande wenye nguvu, lizamishwe ndani ya saruji. Msumari hautoshi. Mlango wa choo uwe na nafasi isiyopungua sentimita 80. Kizingiti kifukiwe: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, weka sentimita 12 za mteremko, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka njia ya mita 1 na sentimita 80. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Mkikuta zahanati au ofisi ya kata yenu ina ngazi tupu, mna haki ya kuuliza. Kuhusu kiti chenyewe, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mwambieni vipimo vya mtu na vya mlango, msiseme tu kwamba mnahitaji kiti.

Akianguka, na siku moja ataanguka, usijaribu kumzuia hewani. Mshike kitenge, mlete karibu nawe, mwache ateremke kwenye paja lako mpaka chini. Kisha usimwinue. Muulize panapouma, tazama kama mguu umepinda au umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Ikiwa hivyo, asisogezwe mpaka apatikane msaada. Kama ni mzima, apumzike palepale, awekewe mto. Kupanda kunakuwa kwa vituo: kutoka mkekani hadi kwenye kigoda kifupi, kutoka kigodani hadi kitini, watu wawili pembeni wakishika kitenge. Katikati ya vituo anapumua, na ninyi mnapumua.

Mwaka jana tulimsafirisha mama kwenda Mbeya kwa basi. Stendi ilikuwa imejaa, ngazi za basi ziko juu, na kabla sijafunga breki wapiga debe wawili walishafika, mmoja ameshika mkono wake, mwingine anatafuta kwapa. Mama akainua mkono wa kulia kama askari wa barabarani.

"Wanangu, hapo hapana. Wewe kaa nyuma ukishikilie kiti. Wewe njoo mbele, shika hiki kitenge, kunja magoti. Nikisema haya, ndipo."

Kijana akamtazama, akanitazama, akakishika kitenge. Mama akarudisha miguu nyuma, akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu.